Risasi isiyo na mlio: Sumu iliyojificha nyumbani mwako

Neno 'risasi' linapotajwa, wengi wetu huwaza bunduki, majambazi na polisi. Lakini iko risasi nyingine isiyo na mlio wala moshi. Haitoboi ngozi wala haimwagi damu. Humwingia mtoto kupitia kidole anachonyonya, kupitia mchuzi ulio katika sahani yake, au kupitia ovaroli ya baba aliyerejea kutoka kazini. Ikishaingia, yaweza kukaa katika mifupa yake kwa miaka 20 na zaidi.

Risasi hii ni madini yenyewe: metali nzito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo huyeyuka upesi hata kwenye jiko la makaa. Ndiyo iliyomo ndani ya betri ya gari. Mvuvi huitumia kama chubwi kwenye mshipi wake. Kwa kuwa ni rahisi kuikunja na haishiki kutu kama chuma, binadamu ameitumia kwa maelfu ya miaka katika mabomba, vyombo, rangi na vipodozi.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba haya ni mambo ya wachimba migodi na wenye viwanda, wala hayakuhusu wewe unayeishi Umoja, Nyali au Milimani na kufanya kazi ya ofisi. Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika ripoti iliyotolewa mwaka wa 2020, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kushughulikia Watoto (UNICEF) pamoja na shirika la Pure Earth yalikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya kila watatu duniani, yaani watoto wapatao milioni 800, wana risasi katika damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Wengi wao wako Afrika na Asia. Hakika hao wote si watoto wa wachimba migodi.

MWILI HUDANGANYIKA

Mwili una haja ya madini mengi: chuma kwa ajili ya damu, kalsiamu kwa ajili ya mifupa na meno, zinki kwa ajili ya kukua. Hauna haja ya risasi hata chembe moja. Tatizo ni kwamba risasi ikishaingia mwilini hufuata njia zile zile za kalsiamu, na mwili huipokea kama kwamba ni chakula. Hupita katika utumbo, huingia katika damu, na hatimaye huwekwa akiba katika mifupa na meno.

Katika damu, nusu ya risasi huondoka kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Katika mifupa, hukaa kwa miongo. Ndiyo sababu msichana aliyeipata akiwa mdogo anaweza kumpa mwanawe miaka mingi baadaye. Wakati wa ujauzito na kunyonyesha, mifupa ya mama hutoa kalsiamu ili mtoto aitumie, na risasi iliyolala humo huamka na kusafiri pamoja nayo. Huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Watu wazima huathirika pia. Risasi huongeza shinikizo la damu, huharibu figo, hupunguza damu na yaweza kusababisha mimba kuharibika. Lakini wanaopata hasara kubwa zaidi ni watoto wa chini ya miaka sita, kwa sababu tatu.

Kwanza, mtoto hutambaa, hushika kila kitu na kukitia mdomoni. Pili, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), utumbo wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya utumbo wa mtu mzima kutokana na kiasi kile kile alichomeza. Tatu, ubongo wake ungali unajengwa, na risasi huvuruga ujenzi huo.

Hapo ndipo penye uchungu, mzazi. Mtoto aliyepunguziwa uwezo wa kujifunza na risasi haonekani mgonjwa. Hana homa, hana jeraha. Huonekana tu kuwa mgumu wa kusoma, mtukutu, asiyeweza kutulia wala kusikiliza. Mwalimu humwita mzembe, nyumbani huadhibiwa, naye hajui kosa lake. Madhara hayo kwenye ubongo hayarudi nyuma. Hakuna dawa inayorejesha kilichopotea.

Wataalamu hupima risasi kwa mikrogramu katika desilita moja ya damu. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na desilita moja ni kama nusu kikombe cha chai. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2021, WHO ilisema kwamba mtu akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi, ni lazima chanzo kitafutwe na kuondolewa. Usidhani kwamba 4 ni salama. WHO yasema wazi kwamba hakuna kiwango chochote cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara.

YALIYOTOKEA OWINO UHURU

Sisi Wakenya hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri nzee ili kupata risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kilifungwa mwaka wa 2014 baada ya miaka kadhaa ya malalamiko ya wakazi kuhusu moshi na maji machafu.

Bi Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho mwaka wa 2009. Muda si muda, mwanawe mchanga aliugua. Alitibiwa magonjwa ambayo kila mzazi nchini huyafikiria kwanza, kama vile malaria na homa ya matumbo, lakini hakupata nafuu. Damu yake ilipopimwa ndipo ilipobainika kwamba ilikuwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi na kuanza kuwatetea wakazi wa mtaa huo, na mwaka wa 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Mwaka wa 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka wa 2023, lakini mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliurejesha. Taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda wananchi zilikuwa miongoni mwa zilizopatikana na makosa.

Jambo moja katika kisa hiki halijazungumziwa vya kutosha. Watafiti walipima damu ya watoto 130 wa chini ya miaka mitano, wengine wa Owino Uhuru na wengine wa mtaa wa Bangladesh, ulio huko huko Mombasa lakini haukupakana na kiwanda hicho. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4, na wa mtaa wa Bangladesh 3.7.

Bila shaka utaona kwamba watoto wa Owino Uhuru walikuwa na risasi maradufu. Lakini tazama pia ile 3.7. Hata pale pasipokuwa na kiwanda jirani, risasi ilikuwamo katika damu ya watoto. Ilitoka wapi? Swali hilo ndilo linalotuleta nyumbani kwako.

RANGI YA UKUTA NA BEMBEA

Risasi hutiwa katika rangi za mafuta kwa sababu mbili: huipa rangi mng'aro, hasa ya manjano, nyekundu na machungwa, na huifanya ikauke upesi. Hatari yake ilijulikana zamani. Mwaka wa 1904, daktari wa macho katika jimbo la Queensland, Australia, aitwaye J. Lockhart Gibson, alieleza kwamba watoto waliokuwa wakiugua walipata sumu kutokana na rangi ya vibaraza na kuta za nyumba zao. Hata hivyo, Marekani haikupiga marufuku rangi hiyo majumbani hadi mwaka wa 1978.

Hapa nchini, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) limeweka kiwango cha juu kabisa cha risasi katika rangi kuwa sehemu 90 kwa kila milioni. Hiyo ni sheria nzuri kwa rangi unayonunua leo. Haiwezi kubandua ile iliyopakwa miaka mingi iliyopita kwenye madirisha, milango ya vyuma, vitanda vya watoto, mageti na bembea za shule za chekechea.

Mtoto halazimiki kula vipande vya rangi ndipo adhurike. Rangi ikizeeka hupasuka na kugeuka vumbi. Dirisha likifunguliwa na kufungwa kila siku husaga rangi hiyo polepole. Vumbi hutua sakafuni, mtoto hutambaa juu yake, kisha hunyonya vidole. Siku iliyo hatari zaidi ni ile unayoita fundi aje kupiga msasa ukuta wa zamani ili apake rangi mpya huku watoto wakicheza karibu.

Hapa tuondoe dhana moja. Wazazi wengi huogopa mtoto anapotafuna penseli. Kile cheusi kilicho ndani ya penseli si risasi, bali ni grafiti. Kinachofaa kuangaliwa ni rangi iliyopakwa nje, hasa ikiwa penseli au kichezeo hicho kimenunuliwa bila nembo ya mtengenezaji.

SUFURIA NA MCHUZI

Sufuria nyingi za madukani hutengenezwa kwa bati la alumini la kiwandani. Lakini ziko nyingine nzito ambazo husubiwa kwa vyuma chakavu: vipande vya injini, rejeta za magari, mikebe na chochote kilichopatikana. Vikiyeyushwa pamoja, risasi iliyokuwa katika kimoja husambaa katika chungu kizima.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 kuhusu sufuria za aina hiyo zilizotengenezwa nchini Cameroon ulionyesha kwamba risasi ilitoka katika chombo na kuingia katika chakula. Uchunguzi uliofuata, uliohusu vyombo kutoka nchi 10, ulionyesha kwamba tatizo hilo si la nchi moja. Huwezi kulitambua kwa macho, na sufuria yenye risasi hung'aa kama nyingine.

Chakula kichachu huitoa risasi kwa wingi zaidi. Nyanya, ndimu, ukwaju, siki na uji wa kuchachusha vikichemshwa kwa muda mrefu, au vikilazwa katika chombo hicho hadi asubuhi, hupata nafasi nzuri ya kula metali. Vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya kung'aa navyo vyaweza kuwa na shida hiyo, ikiwa rangi hiyo ilitengenezwa kwa risasi na haikuchomwa vizuri.

MANJANO INAYONG'AA KUPITA KIASI

Mpishi hodari hujua kwamba bizari nzuri ina rangi ya kupendeza. Wafanyabiashara wasio waaminifu wanajua hivyo pia. Nchini Bangladesh, watafiti waligundua kwamba baadhi ya wauzaji walikuwa wakitia manjano unga wa rangi uitwao kromati ya risasi, ule ule unaotumiwa katika rangi za manjano za barabarani na za viwandani, ili mizizi iliyofifia ionekane mipya.

Serikali ya nchi hiyo ilichukua hatua. Wauzaji walikaguliwa sokoni, wengine wakatozwa faini mbele ya watu, na wananchi wakaelezwa hatari. Mwaka wa 2019, asilimia 47 ya sampuli za manjano zilizochunguzwa sokoni zilikuwa na risasi. Kufikia mwaka wa 2021, hapakuwa na hata moja.

Usidhani kwamba hayo huwapata maskini pekee. Mwaka wa 2023, mamia ya watoto nchini Marekani walipatikana na risasi kutokana na rojo la matofaa lililotiwa mdalasini uliochanganywa na sumu hiyo. Wazazi walikuwa wamekinunua chakula hicho madukani wakiamini kwamba kina afya.

WANJA NA UDONGO

Wanja ni pambo la heshima katika Pwani yetu, na watoto wachanga hupakwa machoni. Lakini baadhi ya wanja unaouzwa katika nchi mbalimbali, hasa ule wa jiwe lililosagwa, umepatikana kuwa ni mchanganyiko wa risasi na salfa. Jiwe hilo hung'aa vizuri, na ndiyo maana hupendwa. Mtoto hujifikicha macho, kisha hutia mkono mdomoni.

Wajawazito nao hutamani udongo au yale mawe laini yauzwayo sokoni, yajulikanayo kama odowa. Udongo hufuata asili ya mahali ulipochimbwa, na baadhi yake huwa na risasi. Uingereza iliwahi kuwaonya wajawazito waachane na udongo wa namna hiyo kwa sababu hii. Hamu ya kula udongo aghalabu huambatana na upungufu wa damu. Afadhali uende kliniki upimwe damu, upewe vidonge vya madini ya chuma, kuliko kununua odowa.

BETRI NA NGUO ZA KAZI

Betri ya gari, ya pikipiki au ya mtambo wa sola haina madhara ikiwa nzima na imefungwa. Hatari huanza inapopasuliwa. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo udongo uliojaa risasi ya betri ulikuwa ukichekechwa na kuuzwa. Watoto hao walikuwa wakicheza tu katika mchanga wa mtaani kwao.

Mafundi wa betri na rejeta, wachomeleaji, wapaka rangi na wanunuzi wa vyuma chakavu hurejea nyumbani na vumbi la risasi katika nywele, viatu na nguo. Baba humbeba mwanawe kwa mapenzi, na mama hufua ovaroli katika karai moja na nepi za mtoto. Hapo methali ya kikulacho hupata maana yake halisi. Na wewe mvuvi unayeyeyusha risasi jikoni ili utengeneze chubwi, jua kwamba mvuke wake huvutwa na kila aliye ndani, na jivu lake hubaki katika jiko linalopikiwa ugali.

DALILI, NA IMANI YA MAZIWA

Risasi ikiwa kidogo, haina dalili zinazoonekana. Ikizidi, mtoto huumwa na tumbo, hufunga choo, hukosa hamu ya chakula, hupungukiwa na damu, huchoka na kuwa mkali bila sababu. Ikizidi sana hupata degedege, huzimia na aweza kufa. Dalili hizi hufanana na za minyoo, malaria na magonjwa mengine mengi, na hivyo hazitoshi kumtambua mgonjwa. Njia ya kujua ni kupima damu iliyotolewa mshipani. Kipimo hicho hakipatikani katika kila zahanati. Muulize daktari akuelekeze kwenye hospitali au maabara kubwa. Mweleze kazi unayofanya na mahali unapoishi, kwa maana asipoambiwa huenda asifikirie risasi.

Hatua ya kwanza ya matibabu ni kuondoa chanzo. Dawa za kunasa risasi na kuitoa kwa mkojo zipo, lakini ni za hospitali, na WHO hupendekeza watoto wapewe pale kiwango kinapofika mikrogramu 45 au zaidi. Mtoto akitibiwa kisha arudishwe katika vumbi lile lile, kazi hiyo ni bure.

Mafundi wengi huamini kwamba pakiti moja ya maziwa baada ya kazi 'huosha' sumu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayafui mapafu wala hayatoi risasi iliyokwisha kuingia mifupani. Ukweli ni huu: mtu mwenye kalsiamu na chuma cha kutosha mwilini hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa au upungufu wa damu. Kwa hivyo maziwa, omena, wimbi, maharagwe, dengu, mboga za kienyeji na machungwa ni kinga ya kila siku kwa mtoto. Si dawa ya kunywa jioni baada ya kuvuta moshi mchana kutwa.

UFANYE NINI?

Usitishike, msomaji. Huna haja ya kutupa kila kilicho nyumbani. Anza na haya:

• Nawisha mtoto mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Osha vichezeo vyake pia.

• Piga deki sakafu na pangusa madirisha kwa kitambaa chenye maji. Kufagia pakavu huinua vumbi likatua tena.

• Usiruhusu rangi kuukuu ipigwe msasa ikiwa kavu. Fundi ailoweshe kwanza, avae kitambaa cha kuziba pua, na watoto na wajawazito wasiwepo mpaka pasafishwe.

• Unaponunua rangi, tafuta alama ya ubora ya KEBS na muulize muuzaji kama haina risasi. Akishindwa kujibu, nenda duka jingine.

• Usipikie wala kulaza vyakula vichachu katika sufuria za kusubu usizojua zilivyotengenezwa. Tumia chuma cha pua kwa mchuzi wa nyanya na ukwaju.

• Nunua manjano na viungo vikiwa vizima, uvioshe, uvikaushe na kuvisaga mwenyewe au mbele ya macho yako.

• Mtoto mchanga hapambwi kwa wanja usioujua asili yake. Uzuri wake watosha.

• Unayefanya kazi ya betri, vyuma au rangi, badilisha nguo na viatu huko huko kazini, oga kabla ya kumshika mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

• Betri iliyokufa ipeleke kwa mnunuzi mwenye leseni. Usiipasue uani, wala usimwage maji yake mtaroni.

• Usidhani kwamba kuchemsha maji huondoa risasi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini risasi haifi. Ikiwa mabomba ya nyumba yako ni ya zamani, acha maji ya asubuhi yatiririke kidogo uyatumie kwa kufua, kisha ndipo ukinge ya kunywa na kupikia.

JAMBO LILILOWEZEKANA

Pengine utauliza kama juhudi hizi ndogo zina faida gani dhidi ya sumu iliyoenea hivyo. Kumbuka petroli. Tangu mwaka wa 1923, risasi ilitiwa katika petroli ya magari ili injini zisigonge. Kwa miongo mingi, kila basi na kila teksi iliyopita Moi Avenue ilimwaga risasi hewani, nasi tukaivuta.

Mwezi wa Juni 2001, mataifa ya Afrika yaliyokutana Dakar yalikubaliana kuiondoa. Kufikia Januari 2006, Kenya na nchi nyingine za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuiuza. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha, mwezi wa Julai 2021, na tangazo hilo likatolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira (UNEP) ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi. Shirika hilo lilikadiria kwamba hatua hiyo huepusha vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Magari hayakukwama barabarani, wala bei ya nauli haikuwa kisingizio tena.

Petroli ilisafishwa kwa sheria, na sheria ikafuatwa. Rangi, viungo na betri zinaweza kusafishwa vivyo hivyo, ikiwa wakaguzi watafika sokoni, na ikiwa mnunuzi atauliza kabla ya kutoa pesa. Wenye maduka husikiliza sana swali linaloulizwa na wateja kumi kwa siku moja.

Basi leo jioni, kabla ya taarifa ya habari, tembea ndani ya nyumba yako kwa dakika tano. Tazama kingo za madirisha, kitanda cha mtoto, sufuria ya mchuzi, mkebe wa bizari, na mahali zinapotundikwa nguo za kazi. Palipo na shaka, anza hapo. Mtoto wako hawezi kuisikia risasi hii ikija. Wewe ndiwe wa kumkinga.